Celica ya zamani, puti mpya: uzoefu wangu wa kununua gari la spoti Tabora

Anayetafuta gari la spoti la zamani huku mfuko wake ukiwa mwepesi huambiwa asikilize injini, atazame moshi na ajaribu gia. Mimi namwambia achuchumae. Apige goti, apitishe mkono kwenye kingo zilizo chini ya milango, na kama ana sumaku aibandike hapo kabla hajatoa hata shilingi ya kishika uchumba.

Nimenunua Toyota Celica ya kizazi cha kwanza, zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 1970 na 1977. Niseme ukweli kwamba haikuwa chaguo langu la awali. Tangu utotoni niliitamani Datsun 240Z, kwa sababu baba zetu hawakuchoka kutusimulia jinsi ilivyoshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, lakini bei ya Datsun hizo sasa si ya mtu anayesahihisha madaftari kwa kujipatia riziki. Kuagiza kutoka Japani nako kulinishinda mapema, kwani gari lililozidi umri wa miaka 10 huongezewa ushuru linapoingia nchini, mbali na kodi nyingine zote. Nilikuwa na shilingi milioni 5 na chenji kidogo, kwa hiyo nilihitaji gari ambalo tayari lina kadi na namba za Tanzania.

Dalali niliyeelekezwa kwake ni mtu mzima, mwenye kofia ya kiua na maneno laini, na kijiwe chake cha kahawa kinajulikana na nusu ya mji. Msimu wa embe ulikuwa umeanza, na tulilikagua gari chini ya mwembe, jambo ambalo sasa naamini halikutokea kwa bahati, maana kivuli huficha mengi katika rangi ya gari. Alinihakikishia mambo matatu: kwamba gari limekulia Tabora na halijawahi kuonja upepo wa chumvi, kwamba mwenyewe hakuwahi kulilaza nje, na kwamba ndilo lililoshinda Safari. Hilo la tatu nililiacha lipite kwa sababu ya adabu, ingawa Celica iliyoshinda Safari miaka ya 1984, 1985 na 1986, ikiendeshwa na Björn Waldegård na Juha Kankkunen, ni Twin Cam Turbo ya kizazi kingine kabisa, ambayo haihusiani na hii ya kwangu ila kwa jina. Mtu anayeongopa juu ya jambo ambalo hata mtoto wa shule anaweza kulithibitisha angenifanya niyatilie shaka yale mengine mawili, lakini alikuwa ameshawasha injini, na ule mngurumo ulikuwa mzuri kupita kiasi.

Asije mtu akaniambia kwamba sikukagua. Nilikwenda na fundi wangu wa Isevya, akapima mgandamizo wa silinda zote nne, akafungua kifuniko cha rejeta, akalala chini ya gari kwa tochi. Alichokiona chini ni lami nyeusi iliyopakwa nadhifu toka mbele hadi nyuma, na mtu wa kawaida akiona hivyo husema mwenye gari alikuwa mtunzaji.

Wiki kadhaa baadaye nililipeleka gereji kwa kazi ndogo ya breki. Fundi aliingiza jeki chini ya ukingo wa mlango wa kushoto, akaanza kusukuma. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Ukapita mlio mkavu, kama wa chapati ya jana inayovunjwa, na jeki ikazama ndani ya ubavu wa gari hadi shingoni. Fundi alipoichomoa, yalianguka mabonge ya puti, ule udongo wa kuzibia bodi kabla ya kupaka rangi, yenye unene wa vidole viwili, na ndani yake vipande vya gunia la katani na karatasi za gazeti zilizokandwa kama donge la ugali mkavu, moja ikiwa bado inaonyesha ratiba ya ligi. Bati lenyewe halikuwapo. Palipotakiwa kuwa na chuma palikuwa na gunia, juu ya gunia puti, juu ya puti rangi nyekundu inayong'aa, na chini yake ile lami ya mtunzaji.

Kwa wasiofahamu, hili si suala la urembo. Land Rover ya zamani ina fremu yake, na bodi imekalishwa tu juu. Mlango ukioza, gari bado lina mifupa. Celica haina fremu ya namna hiyo. Bodi ndiyo fremu, na zile kingo mbili za chini ya milango ndizo zinazozuia gari lisipinde katikati. Kuna kipimo rahisi ambacho fundi alinionyesha siku hiyo kwa upande wa pili: inua gari kwa jeki, kisha jaribu kufunga na kufungua mlango. Mlango ukianza kukwama au mwanya wake ukibadilika, ujue kiuno kimelegea. Wangu ulikwama.

Tulipong'oa zulia ili kuona kutu imefika wapi, tulikuta mchanga. Mchanga wetu wa Tabora naujua, kwa kuwa nautoa kwenye viatu kila jioni. Huu ulikuwa mweupe, laini, na katikati yake mlikuwa na kipande cha simbi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Gari lililokulia Tabora, ambalo halijawahi kuonja upepo wa chumvi, lina simbi chini ya zulia! Nilikifunga katika karatasi, nikaenda kijiweni.

Nilimwamkia shikamoo, kama anavyostahili mtu wa umri wake. Hakuitikia. Alikunywa kahawa yake, akakiangalia kile kipande cha simbi kwenye kiganja changu, kisha akawageukia wenzake badala ya kunijibu mimi, akasema, "Mwalimu alitaka gari la milioni 5 lije na ndege ndani yake." Wakacheka. Akaongeza kwamba yeye huuza gari, haupimi mchanga. Nimefundisha watoto wa watu kwa muda mrefu na nimejibiwa ovyo mara nyingi, lakini shikamoo yangu haijawahi kuachwa hewani mbele ya watu, tena na mtu aliyekuwa akiniita "mwanangu" wakati nahesabu noti. Puti ningeisamehe. Dalali anaweza kusema kwamba hata yeye aliuziwa maneno na mwenye gari, na pengine ni kweli. Kukataa kuitikia ni uamuzi wake mwenyewe.

Matengenezo sitayasimulia kwa urefu. Fundi wa kuchomelea wa kwanza alitaka kutumia mashine ya vijiti, nikakataa, maana moto wake hutoboa bati jembamba na kuacha matundu mengi kuliko yaliyokuwapo. Wa pili alitumia gesi, polepole, akipumzisha bati lisipinde, na kabla ya kukata kitu aliweka vigingi chini ya gari na kuchomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango ili bodi isijikunje. Bati la kingo tulilipata kwenye pipa tupu la mafuta, ambalo ni chuma kizuri cha unene wa takriban milimita moja. Kazi yote ilikula karibu theluthi ya bei niliyonunulia gari.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia watu wasiguse kabisa magari haya. Sasa naona nitakuwa nasema uongo. Injini yake, inayoitwa 2T, ni ile ile iliyowekwa katika Carina na baadhi ya Corolla za enzi hizo, kwa hiyo gasketi, plagi na vifaa vya kabureta hupatikana Dar es Salaam na kufika Tabora kwa basi, na fundi yeyote aliyezeeka kazini anaifahamu kwa kufumba macho. Juzi juzi nilitoka nalo barabara ya Nzega asubuhi mapema, lami ikiwa tupu, vioo vimeshushwa, na kwa mwendo ule niliona kwamba hakuna kitu kingine chenye bei ya bajaji mbili kuukuu kinachoweza kumfanya mtu wa umri wangu acheke peke yake. Usukani hauna msaada wowote, unausikia kila mchanga unaopita chini ya tairi. Watoto wa Ipuli hulikimbilia. Mzee mmoja alinisimamisha sokoni si kwa sababu ananifahamu, bali kwa sababu alitaka kuugusa mlango.

Kwa hiyo gari nalipa alama nne kati ya tano. Hapana, nne ni nyingi. Taa za nyuma zikivunjika sijui nitazitoa wapi, kwani hizo si za Carina wala Corolla, na mpira wa kioo cha mbele umekauka kiasi kwamba mvua ikinyesha napanguza dashibodi huku naendesha. Tatu. Na hizo tatu ni za wajapani waliolichora na fundi aliyelichomelea, si za mtu mwingine yeyote.

Jambo moja lililobaki nimelijua kwa kuchelewa, kutoka kwa aliyekuwa mmiliki mwenyewe, ambaye aliniitikia simu kwa ustaarabu kuliko nilivyotarajia. Dalali alichukua udalali kwangu, na akachukua udalali kwake pia, kila mmoja wetu akiamini kwamba ndiye pekee anayelipa. Gari silirudishi, na sitaki radhi. Udalali wangu naudai, na nitaufuata pale pale kijiweni, mbele ya wale wale waliocheka.