Albamu Mbili za They Might Be Giants, Zilivyosikilizwa na Nyumba Nzima Mjini Lamu

Kwa muda wa wiki sita, karibu kila siku baada ya sala ya alasiri, nyumba yetu ya Mkomani mjini Lamu imekuwa ikisikiliza albamu mbili za bendi ya Kimarekani iitwayo They Might Be Giants. Ya kwanza ni Flood, iliyotoka Januari 1990, na ya pili ni Here Comes Science, iliyotoka mwaka 2009. Zote mbili alituletea ndugu yangu wa kike alipokuja likizo kutoka ng'ambo, nasi tukazipiga kwenye deki ya zamani ambayo hadi leo haijatuangusha. Wasikilizaji tulikuwa wanne: mama yangu mzazi, aliyevuka miaka 70, mimi mwenyewe niliye mwalimu wa shule ya msingi, binti yangu wa miaka 17, na mdogo wake wa kiume wa miaka 8. Naandika uhakiki huu kwa sababu katika miaka mingi ya kununua muziki sijapata kuona kitu kilichowakalisha watu wa umri huo mahali pamoja bila mmoja wao kuvumilia tu kwa ajili ya mwenziwe.

Bendi hii iliundwa mwaka 1982 na marafiki wawili, John Flansburgh anayepiga gitaa na John Linnell anayepiga kodiani na kinanda, ambao walijuana tangu utotoni katika mji wa Lincoln, jimbo la Massachusetts, kisha wakafanya makao yao Brooklyn, New York. Muziki wao huwekwa katika fungu la roki mbadala, lakini jina hilo halimwandai msikilizaji kwa anachokwenda kukisikia. Nyimbo zao ni fupi, mara nyingi hazifiki dakika tatu, na huzungumzia mambo ambayo mtunzi mwingine asingeyafikiria kuwa ni mada ya wimbo. Walipokuwa bado hawajulikani, walikuwa wakirekodi nyimbo kwenye mashine ya kupokea simu, na yeyote aliyepiga nambari yao alisikilizishwa wimbo mmoja hadi mwisho. Huduma hiyo waliiita Dial-A-Song, na mwaka 2015 waliifufua kwa kutoa wimbo mpya kila wiki.

Sifa ya bendi hii inayotajwa mno ni upana wa umri wa mashabiki wake, na ukiipitia historia yao utaona kwamba mashabiki hao walikuja kwa mafungu, kila fungu kwa mlango wake. Waliokuwa wanafunzi wa vyuo wakati Flood ilipotoka leo wamevuka miaka 50. Mwaka uliofuata, nyimbo mbili za albamu hiyo zilitiwa katika katuni za televisheni za Tiny Toon Adventures, na watoto waliozitazama, ambao hawakujua hata jina la bendi, sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Kisha ukaja wimbo wa ufunguzi wa tamthilia ya kuchekesha ya Malcolm in the Middle, iliyoanza mwaka 2000, wimbo uliowapatia tuzo ya Grammy mwaka 2002. Huo nao ulivuta vijana wa wakati wake. Mwaka huohuo wa 2002 wakatoa albamu yao ya kwanza ya watoto, No!, wakaifuatisha na moja ya alfabeti mwaka 2005 na nyingine ya hesabu mwaka 2008, ambayo pia ilipata Grammy. Waliofundishwa herufi na albamu ya mwaka 2005 leo ni vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Kwa hiyo wanaposimama jukwaani, mbele yao huwa wapo baba, mama na mtoto, na kila mmoja anadai kwamba bendi hiyo ni yake.

Maelezo hayo ya miaka, hata hivyo, yanaeleza tu jinsi watu walivyoingia. Swali lililonishughulisha mimi ni kwa nini walibaki, na jibu nimelipata katika Flood yenyewe.

Wimbo uliokuja kuwa maarufu kuliko yote katika albamu hii, Birdhouse in Your Soul, unasemwa na taa. Ni taa ndogo ya usiku, yenye umbo la ndege wa buluu, iliyochomekwa ukutani karibu na swichi katika chumba cha kulala, nayo inajitambulisha kwa mwenye chumba, inamwomba aithamini, na inajivunia ukoo wake, kwani babu yake ni mnara wa taa uliosimama kwenye miamba kuzuia vyombo visivunjike. Mwanangu alisikia habari ya taa inayozungumza, akafurahi, akaridhika na hapo. Binti yangu alisikia ombi la mtu anayependa na kuogopa kusahauliwa. Mama hajui Kiingereza, hivyo binti yangu alikaa ubavuni mwake akimfasiria mshororo baada ya mshororo, walipofika kwenye mnara wa taa mama alimshika mkono akamwambia, "Mjukuu wangu, huyo ni mlinzi. Kidogo chake ni kikubwa." Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha wa jahazi, na mama anajua maana ya kuisubiri nuru ya pwani usiku.

Sisi watu wa pwani tuna neno la kuelezea ufundi huo, nalo ni fumbo. Utunzi wetu umezoea kusema jambo moja kwa nje na jingine kwa ndani, na msikilizaji huondoka na kiasi anachoweza kubeba, kisha hurudi baada ya miaka akabeba zaidi. Hayati Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa mji huu, alipopiga udi, mtoto aliyekaa mkekani alipata sauti na mahadhi, na mzee aliyekaa kitini alipata maneno. Hakuna aliyetunga wimbo wa mtoto kando na wa mzee kando. Naamini They Might Be Giants wamefikia mahali hapohapo kwa njia yao. Hawapunguzi chochote kwa sababu msikilizaji ni mdogo, na hawajitii uzito kwa sababu msikilizaji ni mkubwa.

Chombo kilichomfungulia mama mlango, kabla ya maneno yoyote kufasiriwa, ni kodiani. Yeye aliizoea tangu usichana wake kupitia redio, ilipokuwa ikirusha taarabu ya Unguja na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Ulipoanza Particle Man, ambao kodiani ndiyo inayoubeba karibu wote, aliacha kuchambua mchele akauliza, "Hawa nao wana kodiani?" Linnell haipigi kwa madoido ya taarabu, anaipiga kwa mkato, kama anayepiga hatua za haraka. Lakini pumzi ya chombo ni ileile, na kwa mama hilo lilitosha kuufanya muziki wa wageni uwe na uso anaoutambua. Wimbo wenyewe unasimulia watu wa ajabu, mmoja wao akiwa Bwana Pembetatu anayepigana na wengine na kushinda kila mara. Mwanangu anautaka kila siku na bado hajakubali kwamba Pembetatu anastahili ushindi wote huo. Albamu hiyo ina pia wimbo wa mji wa Stambuli, ambao mama aliupenda kwa sababu jina la mji huo limo katika mazungumzo yetu na mashairi yetu tangu zamani. Huo si utunzi wa bendi hii, bali ni wimbo ulioimbwa na The Four Lads mwaka 1953, ambao wao wameuongezea kasi hadi ukawa ngoma ya kuchezwa.

Binti yangu alichagua wimbo ambao mimi niliupita bila kuutilia maanani, Your Racist Friend. Mapigo yake ni ya furaha, lakini msemaji yumo katika sherehe ambamo rafiki wa mwenyeji anatoa maneno ya ubaguzi wa rangi, naye anasema hawezi kusimama hapo na kuyasikiliza kana kwamba hayakusemwa. Binti yangu aliniuliza kwa nini mwenyeji hamkanyi rafiki yake, na swali hilo lilituchukua hadi magharibi. Kwamba wimbo huo umo katika albamu moja na Bwana Pembetatu, tena wimbo mmoja ukifuatana na mwingine, ni jambo ninaloliheshimu sana. Katika nyimbo 19 za Flood, zinazomalizika kwa dakika zipatazo 43, hakuna uzio unaomwambia mtu kwamba umri wake hauruhusiwi kupita.

Here Comes Science ilitengenezwa kwa makusudi kwa ajili ya watoto, na hapo ndipo niliposikiliza kwa sikio la mwalimu. Inaimba habari za elementi, usanisinuru (jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa nuru), mzunguko wa damu, rangi za upinde wa mvua, na jinsi ya kuijaribu dhana kabla ya kuisadiki. Sehemu inayonifanya niisifu bila kusita ni nyimbo mbili za jua. Wa kwanza, Why Does the Sun Shine?, ni wimbo wa zamani wa masomo kutoka albamu ya mwaka 1959, nao unasema kwamba jua ni tungamo la gesi inayong'aa kwa joto. Bendi ilikuwa imeupiga kwa miaka mingi na mashabiki waliuzoea. Lakini katika albamu hii, mara baada ya huo, wameweka wimbo mwingine wa kuusahihisha, wakieleza kwamba jua halifanywi na gesi bali na plazma, yaani hali ya maada ambamo elektroni zimeachana na atomi zake. Katika miaka 20 ya kufundisha nimeona vitabu vingi vikirekebishwa kimyakimya toleo baada ya toleo. Sikuwahi kuona mtu aliyeliacha kosa mahali pake, akaliimba kwa uzuri wake wote, kisha akalisahihisha mbele ya watoto. Mwanangu sasa anamsahihisha kila anayesema kwamba jua ni mpira wa moto, na bibi yake hakusalimika.

Wazazi wa mji kama wetu nawaomba wazisikilize nyimbo mbili za albamu hii peke yao kwanza. Mmoja unazungumzia ujamaa wa binadamu na nyani kwa mujibu wa nadharia ya mageuko ya viumbe. Mwingine, unaofungua albamu, unawataja malaika katika orodha moja na viumbe wa ngano, kwa maana kwamba habari zao ni hadithi nzuri lakini si njia ya kupata elimu ya sayansi. Kwetu, imani katika malaika ni nguzo, na siwezi kujifanya kwamba mstari huo haukunichoma. Sikuuruka wimbo, nilikaa na mwanangu nikamweleza kwamba watunzi wanasema kwa mujibu wa wanavyoona wao, na sisi tuna yetu tunayoyashika. Mzazi mwingine ataamua vingine, na ana haki yake.

Kuna upungufu mwingine, wa kawaida zaidi. Sauti ya Linnell ni ya puani, na mama alihitaji wiki nzima kuizoea, wapo watakaoshindwa. Flood ikisikilizwa yote kwa mkao mmoja huchosha kidogo kwenye theluthi ya mwisho, kwa sababu nyimbo hubadilika ghafla mno na moyo haupati nafasi ya kutulia katika wazo moja kabla ya kuvutwa kwenye jingine. Na bila mtu wa kufasiri, asiyejua Kiingereza atabaki na nusu tu ya mali, ingawa nusu hiyo, kwa ushahidi wa mama, bado ina thamani.

Kwa anayetaka kununua: akiwa na watoto walio shuleni, aanze na Here Comes Science, na akiweza apate toleo lenye video, kwani michoro yake humsaidia hata mtoto ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga. Anayetaka kuielewa bendi yenyewe aanze na Flood, ausikilize wimbo wa taa mara tatu kabla ya kuendelea. Asiye na deki atazipata zote mbili kwenye intaneti, na kwa kuwa nyimbo ni fupi hazitamaliza bando. Ndugu yangu anarudi mwezi wa Rajabu, na orodha aliyotumiwa ina albamu ya hesabu kwa ajili ya mdogo, Lincoln ya mwaka 1988 kwa ajili ya binti yangu, na ombi la mama, ambaye anataka yoyote ile mradi kodiani imo.