Ukiwa na Pesa ya Riwaya Moja Tu

Mwaka jana nilinunua nakala ya mtumba ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi ya Muhammed Said Abdulla, kwa shilingi 4,000, pale Posta, Dar es Salaam, kwa mmoja wa wale wanaotandika vitabu chini kando ya barabara. Jalada lilikuwa limegandishwa upya kwa gundi, karatasi zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, nami nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Nikaisoma usiku mbili. Usiku wa pili, mpelelezi wake, Bwana Msa, yuko karibu kabisa kulifungua fundo, nikafunua ukurasa nikakutana na jalada la nyuma. Hadithi ilikuwa bado inaendelea, karatasi ndizo zilizokwisha. Ile gundi mpya ilikuwa inaficha jambo.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja aliyeisoma zamani. Nikamwomba aniambie tu muuaji ni nani, nipate usingizi. Akacheka, akasema, "Kanunue nzima, mwanangu." Akakataa kabisa.

Basi tangu masika mpaka sasa nimekuwa nikinunua na kusoma riwaya pendwa za Kiswahili, yaani zile za kusoma kwa starehe, mpya na kuukuu, nazo zimefika kumi na moja. Hapa nazipanga kwa utaratibu ambao ningemshauri mtu atoe pesa yake. Vipimo vyangu ni viwili. Cha kwanza: je, ilinikesha? Cha pili, ambacho nakiamini zaidi: nilipomwazimisha mtu, ilirudi? Riwaya inayorudi haraka, tena safi, haikusomwa.

Ya kwanza, bila kusitasita, ni hiyohiyo Mzimu wa Watu wa Kale.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya kabla ya kuingia kwenye magazeti, akahariri Zanzibari na baadaye Mkulima. Hadithi hii ilimpa ushindi katika shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Najua mtu akisikia 1960 anafikiria lugha nzito ya kukariri darasani. Hapana. Hii ni lugha ya barazani, ya watu wanaotaniana huku wakichunguzana. Maiti imekutwa kwenye mzimu, na kila mtu ana sababu yake ya kutaka kuamini kwamba wakubwa wa mzimu wamekasirika. Bwana Msa anavuta kiko chake tu, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana. Pembeni yupo Najum, anayeona kila anachokiona mwenzake na asielewe hata kimoja. Mara tatu nilijikuta namcheka Najum, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi sijaelewa.

Tahadhari moja. Mafumbo ya mwandishi huyu mara nyingi yamefichwa katika ukoo: nani mtoto wa nani, nani aliolewa wapi kabla ya kuja hapa, jina gani lilibadilishwa. Ukisoma huku unachat utapotea. Mimi nilianza kuchora ukoo nyuma ya risiti ya umeme wa luku, haikutosha, nikahamia kwenye daftari la mtoto. Na mwishoni, bwana wetu hueleza mno, kama mwalimu anayeogopa kwamba dawati la nyuma hawajasikia. Nilimsamehe.

Ukimpenda, wapo wengine: Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974). Kosa la Bwana Msa, ya 1984, iache hadi umzoee. Utafurahiaje kosa la mtu ambaye hujawahi kumwona akipatia?

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Kwa upande wa kununua hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu imekuwa ikisomwa shuleni na duka la vitabu la maana haliikosi. Nakala yangu mpya ilinigharimu 15,000. Shida yake ni hiyohiyo shule. Nina marafiki wanaoichukia kwa sababu walilazimishwa kutaja dhamira zake tano kwa mifano. Nawaambia: isome tena leo, usitafute dhamira yoyote.

Ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52, duka na tumbo. Anatoroka, nyumbani kwao wanamfungia mlango, anaangukia kwa Mwajuma, shoga yake wa uswahilini, na huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye polisi wa mkoloni hawampi nafasi ya kupumua. Utaona mapenzi na siasa vimesukwa ukili mmoja. Lakini aliyenikamata mimi hakuwa Denge wala Yasmin, ni Mwajuma. Mwanamke hana kitu, chumba chenyewe cha kupanga, na bado mlango wake ndio pekee unaofunguka. Kila akiingia ukurasani, hewa inabadilika. Kama umeiona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ukadhani umemaliza, bado. Filamu ni nzuri, ila kitabu kina vichochoro ambavyo kamera haikuvipita.

Nakala yangu imeazimwa na watu wanne. Imerudi mara zote, lakini kila mara ikiwa imechakaa zaidi, na mmoja alisahau ndani yake tiketi ya boti ya Zanzibar. Naihesabu hiyo kama sifa.

Ya tatu, Elvis Musiba, na hapa ninunue ugomvi kidogo: anza na Kikosi cha Kisasi (1979), si Kufa na Kupona (1974), ingawa hiyo ya pili ndiyo iliyomleta duniani Willy Gamba, jasusi wake. Katika Kufa na Kupona, nyaraka za siri za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Inakwenda mbio, lakini mwandishi bado anapima gia. Kwenye Kikosi cha Kisasi gari limeshachanganya. Ni Kinshasa, ni majasusi wa makaburu, ni hoteli na kumbi za starehe na risasi, na kila sura inaishia mahali ambapo huwezi kuweka kitabu chini bila kujilaumu.

Kinachozipa uzito riwaya hizi ni kwamba hazikutungwa hewani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa 1963, makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipanga nyumba humuhumu mjini, walikaa kwenye baa hizihizi. Msomaji wa 1979 akisoma kwamba jasusi wa kaburu yuko meza ya pili, alikuwa na sababu ya kugeuka nyuma.

Sasa lawama. Wanawake wa Musiba ni wazuri wote, wote, hadi unatamani aingie mmoja mwenye chunusi. Na Gamba hapigwi akaumia sawasawa, anakunywa halewi, halali na hachoki. Binti yangu wa kidato cha pili aliisoma kurasa thelathini akaniuliza, "Baba, huyu ni mtu au Marvel?" Sikuwa na jibu. Kwa safari ya basi ya Dar hadi Mwanza, hata hivyo, sijui dawa bora kuliko hii.

Ya nne mnunulie kijana, kisha umwibie: Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, anakwenda kumtafuta baba asiyemjua huko Kitale, Kenya. Ni safari, ni njaa, ni watu wema na wabaya, na Kiswahili kilichopigwa pasi. Wakenya wa umri fulani ukiwatajia kitabu hiki macho yao yanabadilika kama umetaja jina la kijiji chao. Mimi Mtanzania nilichelewa kukisoma. Methali zimejaa kuliko nipendavyo, mahali pengine kila mtu anazungumza kama mzee wa harusi. Lakini nililia kidogo, na nilikuwa kwenye daladala.

Ya tano, Ben Mtobwa. Shujaa wake ni Joram Kiango, na kama Gamba ni mtumishi wa serikali, Joram ni mtu wa kujitegemea, mwenye kiburi, asiyetabirika. Wengine wangempandisha juu ya Musiba, na kwa ufundi wa sentensi wana haki. Tutarudi na Roho Zetu?, ya miaka ya 1980, ambamo Joram na mwenzake Nuru wanalifuata kaburu hukohuko kwake, ina kasi ya ajabu. Dar es Salaam Usiku ni kitu kingine kabisa: jiji lenyewe likiwa limevua nguo, baa, makahaba, pesa. Hiyo usiiache mezani sebuleni.

Mbona basi nimeiweka ya tano? Ni suala la upatikanaji. Mtobwa aliendesha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko, na alifariki 2008. Nakala nilizoziona mimi tangu masika ni za zamani au za kudurufiwa, herufi zimefifia pembeni, na sentensi kama zake hazistahili kusomwa kwa kukisia. Ukipata nzima na safi, ipandishe hadi nafasi ya pili na usiniulize.

Ya sita si kitabu, ni hadithi za simu, zile zinazoanza bure Facebook kisha, utamu ukikolea, unaambiwa utume pesa uunganishwe na kundi la WhatsApp. Nimelipia mbili. Ya kwanza, chombezo, yaani ya mapenzi ya kusisimua, ilikufa sehemu ya 34, mwandishi akaondoka kundini kimyakimya. Ya pili ilikuwa ya kijasusi, na nasema kweli, ilikuwa tamu kuliko vitabu vitatu nilivyovinunua dukani. Vipaji vipo humo, wahariri ndio hawapo. Kama utalipa, uliza kwanza kama hadithi imeshakamilika, na uombe yote kwa pamoja. Mtu akikwambia "inaendelea kuandikwa", weka pesa yako mfukoni.

Utaniuliza Rosa Mistika iko wapi. Ninayo, ya Kezilahabi, 1971, naiheshimu, na kisa cha kuwahi kuzuiwa shuleni kinajulikana. Ila hii ni orodha ya mtu anayetaka kusoma apumzike, na Rosa hampumzishi mtu. Nilipoimaliza nilikaa kimya hadi mke wangu akauliza nani amefariki.

Kuhusu kununua kwenyewe, kwa kuwa nilishaumia, sikiliza. Kitabu cha mtumba kifungue nyuma kwanza. Usijali jalada, tazama kama ukurasa wa mwisho una mwisho. Kwa riwaya ya upelelezi hili ndilo jambo pekee lisilosameheka. Mwanzo ukikosekana utabahatisha, mwisho ukikosekana umenunua maumivu. Kisha pitisha kidole kwenye namba za kurasa katikati, kwa sababu nakala za kudurufiwa huruka, au hurudia kurasa kumi na sita zilezile mara mbili. Nakala hizo zina dalili: jalada linang'aa kupita kiasi, picha ya mbele imefifia, na harufu ni ya wino wa mashine badala ya vumbi.

Mtego mwingine ni mwongozo. Riwaya zinazotahiniwa, hasa Kenya, huandikiwa vitabu vya uchambuzi vyenye jina la riwaya kwa herufi kubwa na neno "mwongozo" kwa herufi za chungu. Shangazi yangu wa Mombasa alininunulia Kidagaa Kimemwozea kwa upendo mkubwa. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikakuta maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Nilimshukuru, na sijamwambia hadi leo.

Dukani, uliza bei ya nakala yenye kasoro ya jalada. Mara nyingi ipo stoo na inapunguzwa. Wauzaji wa chini nao hupunguza ukinunua tatu, lakini usionyeshe ni ipi unayoitaka kweli. Ishike ile usiyoitaka, ilalamikie, halafu hiyo nyingine iulizie kama vile umeikumbuka njiani.

Mzimu mzima niliupata hatimaye, mpya, na nikajua aliyeua. Nilisoma kurasa zile za mwisho nimesimama jikoni. Wiki hiyohiyo shemeji akapita, akauona mezani, akasema anauazima kwa siku mbili tu. Hiyo ilikuwa kabla ya Ramadhani. Juzi nilimpigia simu kuuliza, akaniambia yuko kwenye mkutano, huku nikisikia muazini nyuma yake na watoto wakicheza. Jumamosi nashuka Posta kutafuta wa tatu.