Uzoefu wangu: kurekodi masomo kwa FFmpeg na kamera ya USB

Nafundisha fizikia, na masomo ya marudio ya kidato cha nne huwa nayarekodi mezani kwangu ili wanafunzi wayatazame kwenye simu. Laptopu yangu ni ya zamani, inatumia Linux, na kamera ni ile ya kuchomeka USB. Programu za kurekodi zenye madirisha na vitufe ziliilemea: picha inakwama, feni inavuma hadi inasikika kwenye maiki. Sasa narekodi kwa FFmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa amri za maandishi kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), na kwa kazi hii sioni sababu ya kurudi nilikotoka.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba inakulazimisha uijue kamera yako. Anza na `v4l2-ctl --list-formats-ext`, amri iliyomo kwenye kifurushi cha v4l-utils. Kwangu ilionyesha kuwa picha isiyobanwa, YUYV, kwa ukubwa wa 1280x720 inatoa fremu (picha mojamoja) 10 tu kwa sekunde, ilhali MJPEG, ambayo kila fremu yake hubanwa kama picha ya JPEG, inatoa 30. Hesabu yake ni nyepesi: YUYV hula baiti 2 kwa kila pikseli, kwa hiyo fremu 30 ni kama megabaiti 55 kila sekunde. USB 2.0 kwenye karatasi mwisho wake ni megabaiti 60, na kiuhalisia haifiki hapo. Usipotaja MJPEG unaweza kupewa YUYV, ukabaki kuilaumu kamera bure.

Amri yangu ni hii, yote mstari mmoja:

`ffmpeg -f v4l2 -input_format mjpeg -video_size 1280x720 -framerate 30 -i /dev/video0 -f alsa -i default -c:v libx264 -preset veryfast -pix_fmt yuv420p -c:a aac somo.mkv`

Hiyo `-pix_fmt yuv420p` usiiache. Kamera nyingi hutoa MJPEG yenye rangi za mpangilio wa 4:2:2, unaobeba rangi nyingi kuliko yuv420p. Libx264, sehemu inayobana video, isipoelekezwa huufuata huohuo, na simu nyingi hushindwa kuicheza video. Mwalimu unaona kila kitu kiko sawa kwenye kompyuta, kumbe wanafunzi hawaoni kitu.

Na kwa nini faili la aina ya MKV badala ya MP4? Kwa sababu ya umeme. MP4 ya kawaida huandikiwa faharasa yake, yaani orodha ya kila kipande kilipo, mwishoni kabisa, unapobonyeza q kusimamisha kurekodi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, na betri imechoka kama yangu, somo zima halifunguki. MKV huchezeka hadi pale ilipokatikia. Nikimaliza naigeuza kwa `ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo.mp4`, kazi ya muda mfupi sana kwa kuwa video haibanwi upya.

Kuna jambo jingine linalotuhusu hasa sisi wa huku. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera ikiwa imepangwa kwa hezi 60, chini ya taa za tyubu utaona michirizi inayopanda na kushuka ubaoni. Andika `v4l2-ctl --set-ctrl=power_line_frequency=1`. Kwangu michirizi ilikoma palepale. Na ukiona fremu zinapungua usiku, huenda kamera inajiongezea muda wa kuvuta mwanga. Zima mpangilio wa kamera uitwao `exposure_dynamic_framerate` (kwenye Linux za zamani inaitwa `exposure_auto_priority`), kisha sogeza taa karibu.

Upungufu upo. Hujioni unaporekodi, kwa hiyo nakagua kwanza kwa `ffplay /dev/video0` kisha naifunga, maana programu mbili haziwezi kuchukua picha kwenye kamera moja kwa wakati mmoja. Anayetaka kuchanganya uso wake, skrini na maandishi huku akiendelea kufundisha, OBS Studio, programu ya kurekodi yenye madirisha na vitufe, itamfaa zaidi, mradi kompyuta yake iwe na nguvu. Mimi nina ubao, chaki na kamera moja, na laptopu hii inavimudu bila feni kupiga kelele.