TAHADHARI: Fundi anayekurudishia chenji, hapa Dodoma

Jamani, hili jambo nimekaa nalo wiki tatu kwa aibu. Baba watoto kaniambia nisiandike, tutachekwa. Acha tuchekwe. Kuna mwenzangu muda huu yuko Ihumwa au Nala ametoka kutoa hela ya zege, na fundi wake anamwita "mama mkaguzi". Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nyumba ni ile ya ghorofa ninayojenga Nzuguni, niliyowahi kuisimulia humu, mambo ya kiwanja sirudii. Na fundi ninayemsema siyo yule wa msingi niliyemsema vibaya mwanzoni. Yule alikuwa mlevi lakini msingi wake umepimwa na umesimama, nimemkosea sana yule baba. Ni huyu aliyekuja baadaye, mtaratibu, shati limechomekwa, ananipa shikamoo wakati tunalingana umri.

Nianze na chenji maana ndiyo iliyonimaliza. Siku ya pili ya kazi nilimpa laki tatu akanunue misumari, waya wa kufungia nondo na mbao chache. Jioni niko zamu, simu inaita, yuko nje ya geti la hospitali. Nikatoka mbio nikidhani kuna mtu kadondoka huko saiti. Akanipa bahasha. Ndani risiti mbili na shilingi 38,000. "Mama, hii ilibaki. Sikutaka ilale kwangu." Nauli ya bodaboda kutoka Nzuguni kajilipia mwenyewe! Niambieni, kati yenu nani amewahi kurudishiwa chenji na fundi? Nilirudi wodini nikisimulia kama nimeokota dhahabu. Wenzangu wawili wakachukua namba yake pale pale. Mmoja yuko humu na anajisoma. Dada, nisamehe.

Halafu likaja tipa la mchanga. Mimi nipo, nimekaa kwenye ndoo. Fundi akapanda juu ya tipa, akachota mchanga, akausugua kiganjani, akashuka kunionyesha kiganja kimebaki chekundu. "Mama, huu una udongo, zege halitashika. Rudisha!" Dereva akawaka, wakatukanana, fundi hakutetereka. Tipa likageuza. Mimi moyoni nasema Mungu kaniletea mtu. Mlinzi ndiye amekuja kuniambia juzi kwamba tipa lile lile, na dereva yule yule, lilirudi kesho yake saa kumi na mbili asubuhi na likamwaga. Kwa nini hakusema siku ile? Eti alijua nimekubali.

Na hili la Kariakoo ndilo linaloniuma kuliko yote. Novemba 16, 2024, lile ghorofa lilipoporomoka, sisi tulikuwa tunafunga nguzo za chini. Jumatatu yake nikaenda saiti usingizi sina, nikamwambia fundi mimi naogopa, bora niache habari ya ghorofa nipige bati. Akavua kofia. Akaivua kabisa, akaishika kifuani. Akasema, "Mama, watu hawana hofu ya Mungu. Wanaiba nondo, wanaiba saruji, halafu wanaenda kulala." Akaniambia nije na kipimo changu mwenyewe, nipime nondo moja moja, nisimwamini hata yeye. Wiki hiyo hiyo, mkono huo huo ulioshika kofia, ndio uliomwaga zile nguzo.

Nikaazima kipimo cha shemeji, kile cha meno cha mafundi magari. Kila nondo iliyochomoza juu ya nguzo nikaibana. Milimita 16. Zote. Nikawa najiona injinia. Alinishikia na ngazi.

Sasa siku ya slabu, yaani kumwaga lile zege la sakafu ya juu. Mimi ni muuguzi, miaka 19. Wodini kwetu dawa kali huwezi kusema tu umempa mgonjwa, unarudisha ampuli tupu, zinahesabiwa, unasaini. Kwa hiyo nikamwambia fundi, jioni nataka mifuko mitupu yote ya saruji, nihesabu mwenyewe. Akacheka kwa kufurahi. Ndiyo siku aliyonipa hilo jina la mama mkaguzi. Asubuhi nilihesabu mifuko 140 mizima kwenye banda. Wakaanza, mashine ya kuchanganyia inanguruma, vijana wanapandisha karai, raha tupu. Saa tatu akanifuata taratibu: "Mama, vijana hawa siku ya zege wanahitaji chakula kizito, la sivyo mchana watalegea." Nikaona ni mtu anayejali watu wake. Nikaenda nyumbani kupika. Mimi mwenyewe! Pilau, kuku wawili, kachumbari, nikarudi saa saba na nusu nimebeba masufuria kwenye bajaji kama nina shughuli.

Jioni mifuko mitupu ikapangwa mbele yangu, imefungwa kumi kumi, mabunda 14. Nikahesabu yote, kila bunda nilifungua. Kuanzia la kumi nikaona mifuko mikavu, pindo lina saruji iliyoganda ngumu kama jiwe, kama imekaa mwezi. Nikauliza. "Hiyo ilikuwa ya chini kwenye banda mama, ilipata unyevu." Unyevu, Dodoma hii! Na nikakubali, maana hesabu ilikuwa imetimia. Nikapiga na picha, nikawatumia ndugu, nimeandika "140/140". Picha bado ipo kwenye kundi la familia na hakuna aliyenionea huruma akaifuta.

Mifuko mizima ilikuwa imeondoka na guta wakati nakaanga vitunguu. Ile mitupu ya nyongeza ililetwa kutoka saiti nyingine, kwa mtu mwingine ambaye naye labda anajiona mjanja.

Limejulikanaje? Fundi umeme. Alikuwa anachimba njia ya bomba la nyaya pembeni ya nguzo ya sebuleni. Akaniita. "Mama, njoo uone." Patasi imeingia bila nyundo, zege linamong'onyoka kama kashata iliyolala. Na ndani nondo siyo niliyoipima. Ni milimita 12. Zile 16 zilikuwa vipande vya mita moja na ushee vilivyofungwa juu ili mimi nije na kipimo changu nifurahi. Ringi, zile pete za chuma zinazobana nondo, kwenye mchoro zimeandikwa milimita 8 kila sentimita 15. Tumekuta za milimita 6, laini, ukitoka moja mpaka nyingine unapita mkono mzima mpaka kwenye kiwiko. Tumefungua nguzo nne, zote hivyo hivyo. Injinia aliyekuja kupima hakuongea sana. Aliagiza turudishe mirunda yote chini ya slabu siku ile ile na watoto wasipite. Sasa nguzo inabidi zivalishwe koti la nondo mpya na zege jipya, na slabu ikatwe vipande vipelekwe maabara ndipo ijulikane kama inabaki au inabomolewa. Hela niliyokuwa nimeiweka ya kupaua ndiyo inaenda huko, na haitoshi.

Nimempigia. Amesema nimwone mwanasheria wake. Fundi ana mwanasheria! Nilikoshtaki nimeambiwa hilo ni la madai, na mkataba wetu ni karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, na moja ya sahihi hizo haisomeki.

Mtu wa hivi anatakiwa afanywe nini? Mimi nasema akalale chini ya ile slabu yeye na familia yake miezi sita, mirunda itolewe. Nasema kwa hasira, familia yake haina kosa, alale yeye. Mwizi wa kuku mtaani anachomwa moto kwa kuku wa elfu 20, huyu kaniibia kila nondo ya mita 12 karibu kilo nane za chuma na bado anaimba kwaya. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Machi 2013, lilichukua watu 36. Hao nao walikuwa na mtu aliyewaambia mama usiwe na wasiwasi. Afungwe, na afungwe na yule aliyemuuzia bango.

Ndiyo, bango. Alikuwa na bango pale saiti, jina la kampuni na namba ya usajili. Niliangalia kwenye orodha ya CRB, ile bodi ya usajili wa makandarasi, kampuni ipo kweli! Nikatulia. Sikupiga simu kwa kampuni yenyewe, nilipiga namba iliyoandikwa kwenye bango, akapokea kijana mwenye heshima sana. Wiki hii ndiyo nimekwenda mpaka ofisini kwao, hawamjui. Au wanamjua na wanakana, sijui, macho yao sikuyapenda. Kwa hiyo ukiona bango, tafuta simu ya kampuni mahali pengine, siyo kwenye bango.

Mengine niliyoyaona nikayameza: duka la nondo alichagua yeye na hakutaka nichague. Mkaguzi wa halmashauri kila hatua alikuwa "amepita asubuhi, kasaini", sahihi sijawahi kuiona, na kibali changu kinataka akague kabla ya kumwaga. Nguzo walifunga mbao usiku, nikifika asubuhi ndani hapaonekani. Nondo pimeni kabla haijafungwa, ikiwa chini, ndefu nzima ya mita 12, na ipandisheni kwenye mzani: ya 16 ina kama kilo 19, ya 12 haifiki 11, hapo hakuna maneno. Na siku ya zege usiende kupika. Nunua chakula, letewa, kaa hapo hapo kwenye mashine na mfuko uone unavyochanwa.

Jina lake siliandiki humu, nimeshauriwa hivyo. Anayejenga Nzuguni, Iyumbu, Nala, mpaka Mtumba, akiwa na mashaka anitumie picha ya fundi wake faraghani, nitamjibu ndiyo au siyo. Tayari wamenitumia wawili. Mmoja ni yeye, na wanamwaga slabu Jumamosi.

Jana usiku saa nne ameniandikia: "Shikamoo mama mkaguzi, pole na majukumu. Vipi ile laki nne ya lipu, naweza kuipata kabla ya wikiendi?"