Gigondas, Pic Saint-Loup na Bandol: uzoefu wangu

Nilinunua chupa tatu za mvinyo mwekundu wa kusini mwa Ufaransa hapa Lyon ninakoishi, kila moja ina jina la eneo inakotoka na imetawaliwa na aina tofauti ya zabibu. Nilizifungua jioni tatu mbalimbali, pamoja na chakula.

Gigondas ni Grenache kwa wingi. Ganda la zabibu hii ni jembamba, kwa hiyo rangi si nzito na ukakasi ni mdogo, lakini hujaa sukari juani na pombe hupanda: lebo iliandika asilimia 14.5. Ina utamu wa stroberi zilizoiva na pilipili manga kwa mbali. Ipoze hadi nyuzijoto 16 hivi, la sivyo utahisi pombe tu.

Pic Saint-Loup, inayotoka kaskazini mwa Montpellier, ni ya Syrah. Nyeusi zaidi, inanukia zeituni na majani makavu ya porini. Nzuri, ila sikuikumbuka kesho yake.

Bandol ndiyo iliyonishika. Jioni ya kwanza niliichukia. Niliizibua nikamimina papo hapo, na ulimi ukakauka kama nimetafuna bibo. Harufu ilikuwa ya ngozi na nyama ya porini. Muuzaji hakuniambia lolote kuhusu kungoja, na kwa chupa ya bei ile alipaswa kusema. Nikairudishia kizibo, nikaiacha.

Kesho yake usiku niliionja tena na mguu wa kondoo uliopikwa taratibu. Ukakasi ulikuwa bado upo, lakini umelainika, na nyuma yake zikaja zambarau mbivu, karafuu, na kitu cha chumvichumvi nilichokipenda mno. Hiyo ni zabibu ya Mourvèdre: punje ndogo, ganda nene, na huchelewa kuiva, ndiyo maana inastawi pale Bandol kwenye miteremko yenye joto inayotazama bahari. Kisheria Bandol nyekundu lazima iwe na angalau nusu ya zabibu hiyo, na ikae miezi 18 kwenye mapipa ya mbao. Hata baada ya hapo, bado ni changa.

Kwa wageni wa ghafla nunua Gigondas. Ukinunua Bandol ya miaka ya karibuni, imimine kwenye jagi asubuhi uinywe usiku, na pawe na nyama yenye mafuta. Mimi nimeongeza mbili. Zimelala kabatini, na moja sitaigusa kabla ya miaka mitano.