Qt: delete papo hapo au deleteLater()?

Qt ni maktaba ya C++ ya kutengeneza programu zenye madirisha; delete na deleteLater() ni njia mbili za kufuta obijekti zake, ya kwanza papo hapo, ya pili baadaye. Kwa usalama, deleteLater() iko mbele. Ukifuta kitufe kwa delete ndani ya kishughulikia cha ishara yake chenyewe (msimbo unaoitikia, kwa mfano, kubofywa kwake), msimbo hurudi kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, na programu inaweza kuanguka. deleteLater() hupanga ufutaji kwenye foleni ya kitanzi cha matukio, yaani mzunguko unaoshughulikia matukio ya programu moja baada ya jingine. Kuiita mara mbili hakudhuru, na kuiita kutoka uzi (thread) mwingine ni salama.

Kwa uharaka wa kurudisha kumbukumbu, delete inashinda. Na hapa wengi huteleza: ukiita deleteLater() kisha ukafungua dirisha kwa exec(), ambayo huanzisha kitanzi kingine ndani ya kile cha kwanza, kitanzi hicho cha ndani hakifuti obijekti. Obijekti inangoja udhibiti urudi kwenye kitanzi ambamo deleteLater() iliitwa. Dirisha likikaa wazi nusu saa, nayo ipo nusu saa, ikiendelea kupokea ishara. Kata miunganisho yake kwanza.

Matunzo? Njia zote mbili zinahitaji QPointer (kielekezi kinachokuwa tupu chenyewe obijekti ikifutwa), ikaguliwe baada ya kila exec().

Obijekti isiyo na ishara wala tukio linaloingoja: delete inatosha. Uko ndani ya kishughulikia: deleteLater(). Kitanzi kikuu kikishasimama, deleteLater() haifuti kitu, tumia delete.