Hedifoni za renji: nilizonazo mwaka wa pili sasa

Naishi Texas, shemeji ndo alinipeleka renji mara ya kwanza, yaani sehemu ya kulenga shabaha kwa bunduki, ile ya ndani, nikaazimwa hedifoni za kukinga masikio, za kawaida zisizo na betri. Kuzuia mlio zinazuia, shida husikii unaambiwa nini. Shemeji ananielekeza kushika bastola mimi naona mdomo tu unacheza, nikainua upande mmoja nimsikie na hapohapo jamaa wa pembeni akafyatua. Sikio la kushoto lililia nziii mpaka kesho yake jioni. Niliogopa jamani, maana bastola ya milimita 9 inafika kama desibeli 160 na mlio mmoja ukishapita 140 tayari unaweza kuumiza, na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa haviotagi tena.

Ndo nikanunua Howard Leight Impact Sport, za betri. Zina maikrofoni kwa nje, mtu akiongea unamsikia vizuri tu, bunduki ikilia zinaacha kupitisha sauti. Kwangu hiyo ndo thamani yake yote, tangu siku ile sijainua upande hata mara moja, na msimamizi akisema acheni kupiga namsikia palepale. Zinatumia betri mbili za AAA na ukisahau zinajizima baada ya saa 4.

Sasa hapa naomba usome vizuri. Zimeandikwa NRR 22, yaani desibeli zinazopunguza mlio, wengi wanatoa 160 kwa 22 wanapata 138 wanaona wako salama. Usihesabu hivyo, namba hiyo ni ya maabara, mtu kavaa sawasawa, wakati renji lazima uvae miwani ya kukinga macho na mikono ya miwani inainua ule mto wa hedifoni, sauti inapenya hapo. Nilibadilisha nikachukua miwani yenye mikono myembamba, tofauti niliisikia siku hiyohiyo.

Na renji ya ndani mlio unagonga ukuta unakurudia, kwa hiyo chini ya hedifoni naweka na vile vya sponji vya kuziba tundu la sikio, vya NRR 33, bei rahisi kabisa. Havijumlishwi vikawa 55 lakini, ukivaa vyote unaongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye namba kubwa, na mimi hizo 5 nazitaka. Sponji uisokote iwe nyembamba, mkono mwingine upitie juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia nusu dakika mpaka ijae. Ikibaki imechomoza nje nusu nzima ujue haijaingia, toa urudie. Ukiongeza sauti ya hedifoni bado maneno unayapata.

Nje kwenye uwanja wa wazi na bunduki ndogo ya risasi za .22 navaa hedifoni peke yake, ndani vyote viwili kila siku, na akija mtu mwenye raifo yenye kile kipande cha matundu mdomoni mwa mtutu, kinachotupa mlio pembeni, naomba nihamishwe sehemu.